Watu wa Kujazia Benchi

Jumapili, 8 Septemba

Daktari amesema dawa zilizobaki ni za kunipunguzia taabu tu. Alisema polepole, akirudia kila neno, kama anayemfundisha mtoto kusoma, na mimi nilifundisha kusoma tangu yeye hajazaliwa. Nimemshukuru, nikarudi nyumbani kwangu Nateete, hapa Kampala, chumba kile kile cha nyuma ya kambi ya polisi. Nimeamua kuandika kila siku nitakayoweza kukaa. Naandika kwa Kiswahili. Nilikisomea Tabora enzi za uhamishoni, na hapa kambini ndicho kilichotuunganisha, Waacholi, Waiteso, Walugbara na Wanubi.

Mvua imeanza.

Mchungaji Olal alikuja baada ya ibada, akaketi ukingoni mwa kitanda na viatu vyake vya matope. Tangu korona watu hawajarudi wote kanisani, na mvua ikinyesha hawaji kabisa. Kwa hiyo ibada sasa inarekodiwa. Msichana aitwaye Juliet anaihariri mchana, na jioni inatumwa kwa wagonjwa, kwa askari walio zamu, kwa ndugu walio Gulu na Dubai. Mchungaji anataka mzee wa kanisa aitazame kabla haijatoka. Nikiandika "sawa" kwenye simu, inakwenda. Nisipoandika, haiendi.

"Kazi ya kulala na kutazama televisheni," nikasema. "Hiyo naiweza."

"Ndiyo kazi ya askofu, Mwalimu," akasema. Tulicheka hadi nikakohoa.

Jumapili, 15 Septemba

Mvua ilipiga mabati tangu alfajiri. Mama Ochan, jirani yangu, alipoleta uji alisema njia ya kanisani imekuwa mto, na yeye mwenyewe amefika langoni tu akarudi. Jina lake ni Aryemo, lakini hakuna anayemwita hivyo. Mume wake alikuwa sajini, amekufa zamani. Tangu mke wangu alipofariki mwaka juzi, ndiye anayenipikia.

Video ilifika saa nane. Mchungaji anahubiri vizuri, sauti ni safi. Kisha kamera ikageuka kwa watu, nikashangaa. Benchi zimejaa. Akina mama wanapunga vitambaa, watoto wamekaa mapajani. Nikajiuliza wamepita wapi.

Kwenye benchi la tatu, upande wa dirisha, amekaa Lamwaka, mke wangu. Anaimba. Amevaa kitenge cha buluu, kile tulichomzikia.

Picha haikukaa. Ilikuwa kama mtu anavyopita dirishani. Nikairudisha. Nikairudisha tena. Midomo yake inafunguka na kufungika, na wimbo unaosikika ni ule mpya wa vijana, wimbo ambao umetungwa yeye akiwa kaburini.

Niliandika "sawa".

Jumanne, 17 Septemba

Mvua. Miguu imevimba. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 22 Septemba

Video ilipofika nimempigia Juliet kabla hajaituma kwa watu, nikamwuliza wale watu ni wa lini.

"Ah, ssebo, hao ni watu wa kujazia," akasema, akiniita bwana kwa Kiganda. "Mchungaji alinipa diski ya zamani. Ile Pasaka ambayo askofu alikuja, kabla ya korona. Benchi zikiwa tupu watu wanaona aibu. Wanasema kanisa imekufa."

"Unawajua?"

"Hao waliobaki siwajui hata mmoja. Mimi nilikuja mwaka jana. Kuna mbaya?"

Ningeweza kumwambia. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Lakini televisheni ilikuwa mbele yangu na Lamwaka alikuwa ndani yake, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, kama alivyokiinamisha akitafuta noti ya juu.

"Hakuna mbaya," nikasema.

Wiki hii anaimba zaburi. Midomo ni ile ile ya wiki iliyopita. Nimeona pia kwamba pembeni yake kuna nafasi wazi. Benchi zote zimebanana, lakini karibu na mke wangu hapana mtu.

"Sawa."

Jumatatu, 23 Septemba

Leo nitaandika yote.

Mama Ochan aliingia bila kubisha. Hakuwa na uji. Alikuwa na simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka, ameishika kwa mikono miwili.

Lazima nieleze. Mwanawe, Ochan, alikuwa dereva wa lori la mizigo, Kampala kwenda Juba. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Mwaka wa pili wa korona lori lake lilikutwa limeungua njiani, ng'ambo ya mpaka wa Nimule. Ndani hamkuwa na mtu. Hakuna mwili, hakuna kiatu. Tangu hapo mama huyu hajalia. Sisi Waacholi tunapotaka kufunga msiba tunafanya guru lyel, matanga ya mwisho, na ukoo umemsihi miaka yote. Mwaka huu ndipo alipokubali. Ifanyike kijijini kwao Pajule, mwezi wa kumi na mbili, mvua zikikatika. Alikuwa amekwisha nunua kitambaa cha matanga.

"Mwalimu," akasema, "video ya kanisa si inapita kwako kwanza?"

"Inapita."

"Basi ulimwona. Kwa kwaya, nyuma, karibu na mlango."

Nilikuwa nimemwona. Nilimwona mara ya kwanza na ya pili, kijana mrefu anayegeuza kichwa kama aliyeitwa, akatazama kamera, akatabasamu. Nilimpita haraka kwa sababu baada yake anakuja Lamwaka.

"Nilimwona," nikasema.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Alikaa chini sakafuni, taratibu, kama mtu anayeweka mzigo. "Asante, Mwalimu. Mimi nilifikiri ni macho yangu." Kisha akacheka, kicheko kidogo cha msichana. "Ameninyamazia, huyu mjinga! Anakuja kanisani, anatoka kabla sijafika. Labda iko na deni. Labda iko na mwanamke. Nitampiga."

Kila neno nililomjibu lilikuwa la kweli. Nimelirudia kila moja tangu asubuhi na sipati uongo ndani yake. Angeuliza ni picha ya lini, ningemwambia. Hakuuliza. Nami sikusema.

Jumamosi, 28 Septemba

Amepika samaki wa kukausha kwa simsim. Amesema ndicho chakula Ochan alichopenda. Mimi nimepewa kilichobaki.

Jumapili, 29 Septemba

Alikwenda kanisani kabla ya kengele, akasimama mlangoni ibada nzima chini ya mwavuli. Mchungaji alinisimulia, akidhani ni juhudi mpya ya imani. "Hii video imeamsha watu, Mwalimu."

Jioni, kwenye video ambayo mimi nimeipitisha, Ochan amekaa karibu na mlango ule ule, ametabasamu.

Ilibidi nione uso wa mama yake alipokuja kuniuliza. "Nilisimama pale, Mwalimu. Pale pale. Amepita wapi?"

Nikasema nimechoka. Akanifunika blanketi.

Jumapili, 6 Oktoba

Ukoo umepiga simu kutoka Pajule. Amewaambia wasimamishe kila kitu, hazikwi mtu aliye hai. Kitambaa amekirudisha dukani.

Nafasi pembeni ya Lamwaka imeongezeka. Wiki ya kwanza angetosha kukaa mtoto. Sasa anatosha mtu mzima. Nimekaribia kioo mpaka pua ikagusa. Mkono wake wa kulia umelala juu ya mbao, kiganja juu, katika ile nafasi.

"Sawa."

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mwanamume amemleta Mama Ochan kwa pikipiki, amelowa, kiatu kimoja hakipo. Mwanamume huyo anaitwa Sulaimani, Mnubi, fundi wa malori huko Kisenyi, mjini. Alimwegemeza mlangoni kwangu kwa sababu nyumba yake ilikuwa imefungwa.

"Salaam aleko, Mzee. Huyu mama ni ya kwako?"

"Ni jirani."

"Basi mfunge na kamba. Siku tatu anazunguka garaji zetu na simu. 'Umeona huyu? Umeona huyu?' Tukasema hapana mama, nenda Nakivubo uulize kwa madereva huko. Akaenda, akarudi. Leo ameshika kijana yangu shati, anasema 'Ochan, twende nyumbani.' Kijana anasema mimi Hamim! Watu wakaanza kupiga kelele mwizi, mwizi. Unajua Kisenyi. Wangemuua, haki ya Mungu. Mimi ndiye niliwaambia huyu ni mama yangu."

Nilimshukuru. Alimtazama Mama Ochan, aliyekuwa amekaa kwenye kiti changu akikamua sketi yake.

"Huyo mtoto yuko hai kweli, Mzee?"

Mama Ochan ndiye aliyejibu. "Mwalimu amemwona. Mwalimu ndiye anapitisha picha."

Sulaimani aliniangalia. Nilitazama televisheni, ambayo ilikuwa imezimwa, na katika kioo chake cheusi nilituona sote watatu, wadogo, tumekaa kama tunasubiri kitu kianze.

"Basi Mungu ni mkubwa," akasema, akaondoka.

Jumapili, 20 Oktoba

Nilijiambia leo sitaandika "sawa". Nilikaa na simu mkononi tangu saa nane. Saa kumi na moja Mchungaji akapiga: watu wa Dubai wanauliza, kuna shida gani? Nikafikiria. Nikisema picha zitolewe, zitatolewa zote. Juliet hatachagua mfu gani abaki.

Nilitazama benchi la tatu mara moja tena. Sasa mwili wake wote umeegemea dirishani, kama anayejisogeza ili mwenzake apate pa kukaa.

Nimeandika.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mama Ochan anakohoa. Kisenyi haendi tena. Anamngoja mlangoni pake, sahani imefunikwa na sahani.

Jumapili, 3 Novemba

Hakuna familia nyingine iliyosema lolote. Ndivyo kambi ilivyo. Polisi wanahamishwa, wanakuja wengine, na baada ya miaka michache hakuna anayejua jirani wa zamani alikuwa na sura gani. Nimetambua wengine wawili waliokufa kati ya wale wanaopunga vitambaa. Wanapunga kila Jumapili. Kwa wageni hawa wote ni kanisa lililojaa furaha.

Sisikii tena mahubiri. Nangoja tu kamera igeuke.

Jumamosi, 9 Novemba

Juliet alikuja kunitengenezea televisheni, sauti ilikuwa inakatika. Ni binti mchangamfu, kucha za kijani, anaongea na waya kama wanaongea naye. Nikamwomba anionyeshe ile diski. Nikamwambia nataka kuelewa nafasi iliyo pembeni ya mama wa kitenge cha buluu, kwa nini inakua.

Akacheka. "Mzee, umeona! Una macho kuliko Mchungaji. Pale nilikutoa wewe."

"Mimi?"

Alifungua picha kamili. Ni kweli. Nimekaa hapo, na suti yangu ya kijivu, nimenenepa, nashika kitabu cha nyimbo kwa mkono mmoja. Mkono wangu mwingine umo katika kiganja cha mke wangu. Nilikuwa nimesahau kwamba tulishikana mikono siku ile.

"Watu wanajua uko mgonjwa nyumbani," Juliet akaeleza. "Ukionekana kwa benchi watasema tunadanganya. Kwanza nilikufunika nusu. Ilionekana vibaya, kiwiko chako kilibaki, kikielea. Nikaongeza wiki kwa wiki, na mama nikamsogeza dirishani. Sasa ni safi."

"Na mwanamke huyu?"

"Huyo hakuna mtu amelalamika."

Nilikohoa, akanipa maji. Akaona ninavyotazama, akataka kunifurahisha. "Usijali, ssebo. Nimekuhifadhi. Ukipona nitakurudisha."

"Na nisipopona?"

Alifikiri kidogo, kwa moyo mwema kabisa. "Hata hapo naweza kukurudisha. Hapo hakuna mtu atashangaa tena kwamba uko mgonjwa."

Alipoondoka nilibaki nimekaa. Nilijiona niko pale Jumapili baada ya Jumapili, mnene, naimba nyimbo nisizozijua. Wageni wakituma mioyo myekundu. Na mahali fulani mtu mmoja ambaye hakuambiwa kwamba nimekufa, labda mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko mbali, anafunga mizigo ili aje kunisalimu.

Jumapili, 10 Novemba

Video ilifika. Sikuandika kitu. Nilizima simu.

Nilikuwa nimejipanga kumwambia Mama Ochan akileta uji. Aliuleta, akakaa, akanisugua miguu na mafuta. Nikamwuliza kikohozi. Nikamwuliza bei ya makaa.

Jumanne, 19 Novemba

Nimemwambia.

Ilikuwa asubuhi, mvua imepumzika, maji yanadondoka kwenye ndoo nje. Alikuwa ananifunga kifungo cha shati.

"Mama Ochan. Picha zile ni za zamani. Ni za Pasaka ile askofu alipokuja. Ochan hakuja kanisani mwaka huu. Nilijua tangu mwanzo."

Hakusimamisha mkono. Alimaliza kifungo, akafunga na kingine. Nikaharakisha, nikamweleza diski, nikamweleza watu wa kujazia, nikamwambia ushahidi ni kwamba hata Lamwaka yumo, benchi la tatu, na Lamwaka tulimzika sisi wote.

"Lamwaka nilimwona," akasema. "Jumapili ile ile."

Nikashika kifungo alichokwisha kukifunga.

"Nilimwosha kwa mikono yangu hii. Ile nguo ya buluu ni mimi nilimvalisha. Nilijua hayuko, Mwalimu. Siwezi kukosea mtu niliyemwosha. Lakini Ochan sikumwosha. Nikasema, hii kamera inaweka wafu na walio hai kwa benchi moja. Nani ataniambia mtoto wangu iko upande gani? Nikasema Mwalimu anajua. Yeye anaangalia kwanza. Mke wake amekaa pale, ataona, atakataa. Kama ni picha ya zamani atasema, 'Toa hii.' Nikangoja. Jumapili ikaja, ukapitisha. Ikaja nyingine, ukapitisha." Sasa mikono yake ilikuwa imeshuka. "Kila ukipitisha, mimi nilisema: basi yuko hai. Mwalimu hawezi kuniacha hivi."

"Nilitaka kumwona mke wangu," nikasema. Ni sababu yangu yote. Niliisema kwa sauti, na ilikuwa ndogo sana chumbani.

"Mimi pia nilitaka kuona mtu."

Nikamwomba anisamehe. Alichukua bakuli, akalifuta kwa upindo wa nguo yake, akalisimamisha kabatini. Alipofika mlangoni akageuka.

"Wewe ndiye umemweka hai. Kwa simu yako. Mbele ya watu wote na ukoo. Sasa wewe ndiye utasema amekufa. Siyo kwangu hapa kwa chumba. Kwa kamera, pale pale."

Jumatano, 20 Novemba

Mchungaji alikataa kwanza. Alisema kanisa litachekwa. Nikamwambia, Olal mwanangu, litachekwa. Kisha akauliza Lamwaka alikuwa amevaa nini, kwa sababu yeye alimzika na hakumtambua. Nilipomwambia, alifunika uso.

Juliet alilia kwenye simu. Amefuta diski. Aliniuliza kama nataka abakize ya mama. Nilisema hapana, nikakata haraka.

Jumapili, 1 Desemba

Wanaume wawili walinibeba katika kiti cha plastiki, chini ya turubai, kwa sababu mvua ilikuwa ya mawe. Sijawahi kuona kanisa lilivyo sasa. Benchi ni tupu. Mbele alikaa Mama Ochan na nduguze wawili waliotoka Pajule, nyuma yao watu wachache waliotawanyika. Ukoo mwingine ulikuwa huko kijijini, umezunguka simu moja. Juliet alirusha moja kwa moja, bila kuhariri.

Nilikuwa nimeandika hotuba. Sikuisoma. Nilisema jina langu, nikasema mliona watu ambao hawakuwapo, nikasema nani aliruhusu. Kisha nikamtazama mama yake.

"Ochan alikufa njia ya Juba. Mwanafunzi wangu. Hatarudi."

Hapo ndipo Mama Ochan alipolia. Miaka yote hiyo, na sauti ilikuwa ngeni kwake mwenyewe. Alianza chini, kama anayejaribu mlango, halafu ikapanda, ikatoboa kelele ya mabati, ikatoka nje. Ni sauti ambayo kambini kila mtu anaijua, hata mtoto, hata aliyehamia jana.

Wakaja. Kwanza mwanamke mwenye unga mikononi. Kisha askari aliyevaa suruali ya kazi na singlendi. Kisha wengi, wakikimbia, wakijipenyeza mlangoni, bila kuuliza ni nani aliyekufa. Akina mama waliitikia kilio. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumjua Ochan.

Nilitazama kioo kidogo cha Juliet. Benchi zote zilikuwa zimejaa. Nilishtuka, nikataka kumpigia kelele azitoe, nikidhani amewarudisha wale wengine. Kisha nikaona kwamba maji yalikuwa yakiwadondoka.

Jumatatu, 2 Desemba

Mama Ochan ameondoka kwenda Pajule na watu wake, wakafanye guru lyel. Nilimsikia akifunga mlango wake. Akasimama kidogo nje ya dirisha langu. Sikumwita. Baadaye nyayo zikaenda upande wa kituo cha basi.